Ubini wa Sykes katika Historia ya Dar es Salaam

Neno ubini limetokana na "bin", yaani mwana wa. Katika desturi ya pwani, ubini hubadilika kila kizazi: Ali bin Salim humzaa Juma bin Ali, na jina la Salim husogea nyuma. Hata leo mtoto anayeandikishwa shule Kibamba au Temeke kwa kawaida huandikwa majina matatu: lake, la baba na la babu. Kwa hiyo wenye ubini mmoja si lazima wawe ndugu, na ndugu wa ukoo mmoja huweza kupishana majina. Miongoni mwa majina mashuhuri ya Dar es Salaam, Sykes ni mfano wa jina lililogoma kusogea.

Sykes halikuwa jina la ukoo. Lilikuwa jina la mtu mmoja, Sykes Mbuwane, aliyetoka Msumbiji akiwa askari wa Wissmann, katika jeshi lililotumwa kuzima upinzani wa Abushiri bin Salim mwaka 1889. Mwanawe, Kleist, alizaliwa mwaka 1894. Aliitwa Kleist Sykes kwa kanuni ile ile ya pwani, na mwaka 1929 akawa katibu wa kwanza wa African Association, chini ya urais wa Cecil Matola. Alifariki mwaka 1949.

Mabadiliko yalitokea kwa wanawe. Abdulwahid (1924–1968), Ally na Abbas hawakuishia kwenye jina la Kleist. Walibaki na la babu. Abdulwahid na Ally walipigana Burma katika Vita Kuu ya Pili, kisha wakawa miongoni mwa waasisi wa TANU mwaka 1954. Abbas alikuja kuwa balozi. Kizazi kilichofuata kilimtoa Kleist Abdulwahid Sykes, Meya wa Dar es Salaam. Kwa hesabu ya majina matatu, angeitwa Kleist Abdulwahid Kleist. Hapo ubini uligeuka kuwa jina la ukoo, nalo jina la Mbuwane, lililobeba asili ya kusini, likafifia.

Jambo hili lina uzito kwa mwanahistoria. Asiyejua desturi ya ubini huweza kumdhania Sykes kuwa Mwingereza. Tena, kwa kuwa mjukuu hurithi jina la babu, huweza kumchanganya katibu wa mwaka 1929 na meya wa miongo saba baadaye. Mtaa wa Kipata, Kariakoo, uliopewa jina la Kleist Sykes, unamkumbuka yule wa kwanza. Lakini kibao hakina nafasi ya kueleza hayo. Kazi hiyo ni ya wataalamu wa lugha na historia kwa pamoja, kwani kosa katika kusoma jina huzaa kosa katika kugawa sifa za waliopigania uhuru.