Ratiba, Mswada na Sauti: Ushahidi wa Waigizaji wa Hollywood Redioni
Tarehe 1 Juni 1936, kipindi cha Lux Radio Theatre, kilichoanzia New York mwaka 1934, kilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Hollywood. Marlene Dietrich na Clark Gable waliigiza mbele ya maikrofoni, Cecil B. DeMille akiwa mwenyeji. Mchezo ulikwenda hewani moja kwa moja. Usingesikika tena leo bila santuri zilizorekodiwa wakati wa matangazo. Televisheni nayo, kabla ya utepe wa video kuanza kutumika mwaka 1956, ilihifadhiwa hasa kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo chake.

Hivyo mtafiti hukabiliwa na ushahidi wa aina tatu usio na uzito sawa. Ratiba ya gazeti huonyesha lililokusudiwa. Mswada huonyesha lililoandikwa. Rekodi ndiyo inayothibitisha lililotamkwa. Mwigizaji aliyeugua siku ya matangazo hubaki ratibani ingawa mwingine alishika nafasi yake. Kuitegemea ratiba pekee, basi, ni kumpa mtu sifa ya kazi ya mwenziwe, na kumfuta katika historia yule ambaye wasikilizaji waliisikia sauti yake.