Journey 2: The Mysterious Island (mapokezi ya wahakiki)

Journey 2: The Mysterious Island ni filamu ya Marekani ya mwaka 2012, ya visa vya kusisimua kwa familia nzima, iliyopigwa kwa 3D, yaani kwa picha za pande tatu. Mwongozaji wake ni Brad Peyton, na mswada wake uliandikwa na mabinamu wawili, Brian Gunn na Mark Gunn. Ni mwendelezo wa Journey to the Center of the Earth ya 2008. Wahakiki wengi waliipokea kwa ubaridi, baadhi yao kwa kejeli, ilhali watazamaji waliifurahia na kuilipia vizuri kuliko ile ya kwanza.

Kisa chenyewe hakina mafundo mengi. Sean, kijana aliyeigizwa na Josh Hutcherson, ananasa ujumbe wa siri unaoelekea kutoka kwa babu yake aliyepotea. Baba yake wa kambo, Hank (Dwayne Johnson), aliyewahi kuwa mfumbuzi wa maandishi ya siri katika jeshi la majini, anaamua kufuatana naye ili wapate kuelewana. Huko Palau wanakodi helikopta kuukuu ya Gabato (Luis Guzmán), ambaye bintiye Kailani (Vanessa Hudgens) anaungana nao. Dhoruba inawatupa kwenye kisiwa chenye ndovu wadogo wa kubebeka mikononi, nyuki wakubwa wa kupandwa kama farasi, na mlima unaotema dhahabu. Babu, aliyeigizwa na Michael Caine, wanamkuta hai, na ulimi wake una makali yake yote.

Kabla filamu haijaonyeshwa, shaka ya wahakiki ilianzia kwenye orodha ya waigizaji. Brendan Fraser, nyota wa filamu ya kwanza, hakurudi. Iliripotiwa kuwa studio ilitaka kazi ianze kabla Eric Brevig, mwongozaji wa ile ya kwanza, hajapata nafasi, naye Fraser hakutaka kuendelea bila yeye. Katika waigizaji wakuu alibaki Hutcherson peke yake. Mwendelezo usio na mwongozaji wake wala nyota wake huonekana kama biashara ya jina, na shutuma hiyo ilijirudia katika hakiki nyingi.

Shutuma nzito zaidi ilihusu hadithi. Waandishi walidai kwamba kisiwa cha ajabu cha Jules Verne, Treasure Island cha Stevenson na kile cha Gulliver wa Swift ni kisiwa kimoja, na ramani zao zikipandanishwa hutoa ramani kamili. Kwa msomaji wa Kiswahili aliyepitia Kisiwa chenye Hazina na Safari za Gulliver, wazo hilo linachekesha na lina utamu wake. Wahakiki walilalamika kwamba filamu inalitaja wazo hilo kisha inalitelekeza: vitabu vinakuwa sababu ya kufika, na wahusika wakishafika hakuna anayevihitaji tena. Mazungumzo ya kifamilia kati ya Sean na Hank nayo yalionekana kama yaliyopachikwa ili watu wapumue kati ya mbio moja na nyingine. Kristin Davis, anayeigiza mama, karibu hana la kufanya.

Wapo walioiona filamu kama dhihaka kwa Verne, lakini hapo hoja inahitaji kupunguzwa makali. Riwaya ya Verne, iliyotoka 1874 hadi 1875, inasimulia Wamarekani watano wanaotoroka Richmond kwa puto wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na sehemu kubwa ni habari ya watu kufua chuma, kuchoma matofali na kulima. Haina wanyama wakubwa kupita kiasi. Hao waliingia kwa mlango wa sinema, hasa filamu ya 1961 iliyoongozwa na Cy Endfield, ambamo Ray Harryhausen alitengeneza kaa na nyuki wa kutisha kwa kusogeza vinyago picha baada ya picha. Mzazi halisi wa filamu ya Peyton ni hiyo, na kuipima kwa Verne peke yake ni kumdai mtoto deni la jirani. Ndovu wadogo, kwa upande wao, wana msingi: mabaki ya ndovu vibeti yamepatikana Sicily, Malta na Kupro, kwa kuwa wanyama wakubwa wakikaa visiwani vizazi na vizazi huelekea kupungua kimo. Nyuki wa ukubwa wa farasi hawezi kujitetea hivyo. Wadudu hupumua kwa vijirija vilivyoenea mwilini, na njia hiyo haiwezi kulisha mwili mkubwa namna ile.

Suala la 3D lilikuwa na uzito wake, maana filamu ilitoka katikati ya ugomvi. Baada ya Avatar ya Desemba 2009, studio zilikimbilia kugeuza filamu za kawaida kuwa za pande tatu baada ya kupigwa. Clash of the Titans ya 2010 ikawa mfano mbaya uliotajwa kila mahali. Roger Ebert, mhakiki wa Chicago, aliandika mwaka huohuo makala katika jarida la Newsweek akieleza kwa nini anaichukia teknolojia hiyo: picha hufifia, watu wengine huumwa kichwa, na tiketi hupanda bei bila hadithi kuongezeka kitu. Mwaka uliofuata alichapisha barua ya mhariri wa filamu Walter Murch, aliyesema kwamba macho hulazimishwa kulenga kwenye skrini huku yakikutanisha mtazamo mahali pengine, jambo ambalo maumbile hayakuyazoesha.

Journey 2 ilipigwa tangu mwanzo kwa kamera za 3D, na hata wapinzani walikubali kwamba kina chake cha picha ni cha kweli. Waliudhika na matumizi yake: vitu kurushwa usoni pa mtazamaji kama katika maonyesho ya miaka ya 1950. Mfano uliotajwa sana ni ule wa Johnson kuchezesha misuli ya kifua huku matunda madogo yakigonga hapo na kuruka kuelekea ukumbini. Wengine waliona ni upuuzi, wengine wakasema ndiyo dakika pekee ambapo filamu inajua ni ya aina gani. Mwandishi wa makala haya yuko na kundi la pili. Johnson alisifiwa hata na waliochoka na filamu, kwa kuwa anakubali kuchekwa. Caine naye alionekana kujifurahisha, na yeye ni mtu aliyewahi kupambana na nyuki katika The Swarm ya 1978, filamu iliyopondwa kuliko hii. Guzmán aligawa watu kwa vichekesho vyake vya mwoga mwenye kelele.

Kwa takwimu za tovuti zinazokusanya hakiki, Metacritic ilitoa alama 41 kati ya 100, na Rotten Tomatoes ilionyesha kwamba chini kidogo ya nusu ya hakiki zilikuwa nzuri, ilhali kwa ile ya kwanza kama hakiki 6 kati ya 10 zilikuwa nzuri. Watazamaji waliohojiwa na CinemaScore wakitoka ukumbini waliipa A-. Wikiendi ya 10 Februari 2012 ilishika nafasi ya tatu Marekani kwa takriban dola milioni 27, nyuma ya The Vow na Safe House, ikaipita Star Wars: Episode I iliyorudishwa siku hizohizo baada ya kugeuzwa kuwa 3D. Kwa bajeti ya takriban dola milioni 79, ilikusanya kama milioni 335 duniani, na zaidi ya theluthi mbili zilitoka nje ya Marekani na Kanada. Sehemu hiyo ya nje inaeleza mengi: misuli, nyuki wakubwa na mlima unaotema dhahabu havihitaji kutafsiriwa, na udhaifu wa mazungumzo, ambao mhakiki wa Marekani aliusikia kila dakika, hupungua filamu inapoingizwa sauti za lugha nyingine.

Mapato hayo yalifanya sehemu ya tatu ipangwe, ikifuata riwaya ya Verne ya safari ya mwezini. Mwaka 2018 Johnson alieleza kwamba mpango umeachwa, kwa kukosa hamasa na kwa ugumu wa kuigeuza riwaya hiyo kuwa filamu. Yeye na Peyton walikuwa wamekwishafanya pamoja San Andreas (2015), na Rampage ikatoka mwaka huohuo wa 2018.