Mkunjo na Mchujo, Wala Si Hasara

Faharasa moja iliyonifikia karibuni inaziita njia mbili za kubana sauti "mbano wenye hasara" na "mbano usio na hasara". Napinga. Hasara, tuliyoichukua kutoka Kiarabu, ni neno la biashara, na kinyume chake ni faida. Sasa tuitazame Dolby Digital: sauti ya chaneli 6 ambayo bila kubanwa ingehitaji kilobiti 4,608 kwa sekunde, kwenye DVD hutoshea katika 448. Nafasi iliyookolewa ni faida kubwa. Kilichofanyika ni kuondoa sauti ambazo sikio lisingezinasa kwa kuwa zimefunikwa na nyingine. Kazi hiyo Kiswahili kinaiita kuchuja. Tui likishachujwa, machicha hayarudi. Basi huo ni mchujo.

Mwenzake ni mkunjo. FLAC, Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio hazitupi hata biti moja. Huiandika sauti kwa ufupi, kisha kompyuta huirejesha kama ilivyokuwa. Hapa ndipo utajiri wa lugha yetu unapoonekana. Tumerithi katika Kibantu mnyambuliko wa kutengua: funga, fungua, ziba, zibua, kunja, kunjua. Anayesema sauti imekunjwa ameshaeleza kwamba itakunjuliwa. "Usio na hasara" hainyambuliki hivyo. Fundi atakitajaje kitendo cha kuirejesha sauti?

Niliwahi kulieleza hili mbele ya jopo la istilahi, nikajibiwa kwamba mkunjo ni wa nguo. Jibu hilo halina uzito: dirisha nalo lilikuwa la nyumba kabla ya kuingia kwenye kompyuta, na jopo lilelile linalitumia. Wapo pia wanaopigia debe "sauti pungufu" na "sauti timilifu". Timilifu ina kazi yake katika sarufi ya vitenzi. Pungufu humfanya msikilizaji adhani chaneli zimepungua, ilhali zote 6 zipo.

Kuhusu matumizi, neno moja linatosha: kebo ya optiki hupitisha mchujo wa chaneli 6, lakini mkunjo wa chaneli hizo unahitaji HDMI.

Wahariri wasisubiri muhuri wa kamati. Waandike mkunjo na mchujo kuanzia toleo lijalo, kwani maneno haya ni yetu na yanasema kweli.