Makumbusho ya Nairobi: Jina, Jengo na Wenyewe

Lugha yetu imelipa jengo la namna hii jina la kazi yake. Kukumbuka ni tendo la mtu peke yake, bali kukumbusha ni tendo la mtu kwa mwenziwe. Kwa hiyo palipo na makumbusho hapana budi pawe na anayekumbusha, anayekumbushwa, na jambo linalokumbushwa. Tukiyashika maswali hayo matatu, tutaweza kuifahamu vema historia ya Makumbusho ya Nairobi, ambayo tangu kuanzishwa kwake yamebadili mahali, jengo na jina zaidi ya mara moja.

Asili yake ni mwaka 1910. Wakati huo chama cha wapenzi wa elimu ya viumbe wa Afrika Mashariki na Uganda, ambao wengi wao walikuwa walowezi na watumishi wa serikali ya kikoloni, kilihitaji mahali pa kuhifadhi ndege, wadudu, wanyama na mimea waliyoikusanya. Nyumba ya kwanza ilikuwa ndogo, na mwaka 1922 vitu vikahamishiwa katika nyumba kubwa zaidi. Hatimaye serikali ilitenga ardhi juu ya kilima kilicho karibu na mji, na tarehe 22 Septemba 1930 jengo jipya likafunguliwa rasmi. Liliitwa Makumbusho ya Coryndon, kwa heshima ya Sir Robert Coryndon, aliyekuwa Gavana wa Kenya tangu 1922 hadi alipofariki mwaka 1925.

Basi jina hilo lilijibu maswali yetu yote matatu. Aliyekumbusha alikuwa mtawala, aliyekumbukwa alikuwa mtawala, na mwananchi aliyepanda kilima kile alilikuta jina la gavana limemtangulia mlangoni. Jambo hili halikuwa la Nairobi peke yake. Huko Dar es Salaam makumbusho yaliyofunguliwa kwa umma mwaka 1940 yalipewa jina la Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Katika miji yote miwili hazina iliyokusanywa ilikuwa ya nchi, lakini jina lilikuwa la mgeni.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 jina la Coryndon liliondolewa, na jengo likaitwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ilikuwa haki na ilikuwa lazima. Hata hivyo, kubadili jina ni kazi ya siku moja, na kubadili mazoea ya watu ni kazi ya miaka. Aghalabu mwananchi aliyajua makumbusho kuwa ni mahali anapopelekwa mara moja katika maisha yake, akiwa mwanafunzi ndani ya basi la shule. Baada ya hapo aliwaachia watalii. Tena, kadiri miaka ilivyopita, shirika lile lile lilikabidhiwa makumbusho mengine mengi, kama yale ya Ngome ya Yesu huko Mombasa, ya Lamu na ya Kisumu. Jina moja likawa linabeba mambo mawili: shirika zima, na jengo moja la Nairobi.

Tarehe 15 Oktoba 2005 milango ilifungwa ili jengo litengenezwe na kupanuliwa, kwa msaada mkubwa wa Jumuiya ya Ulaya. Lilipofunguliwa tena mwezi Juni 2008, lilikuwa na jina jipya: Makumbusho ya Taifa ya Nairobi. Shirika likabaki na jina lake, na jengo likapata la kwake. Maonyesho nayo yalipangwa upya juu ya nguzo nne: maumbile, utamaduni, historia na sanaa za wakati wetu. Vibuyu vya jamii mbalimbali, ambavyo zamani mtazamaji angeviona kuwa vyombo tu vya maziwa au pombe, vikawekwa kama kielelezo cha umoja wa watu wenye mila nyingi. Uani akasimamishwa mfano wa Ahmed, ndovu wa Marsabit mwenye pembe ndefu, aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970, akafa mwaka 1974.

Lakini hazina iliyozusha mjadala mkubwa kuliko zote ni mifupa ya yule aitwaye Mvulana wa Turkana. Mifupa hiyo, yenye umri wa yapata miaka milioni moja na nusu, iligunduliwa mwaka 1984 na Kamoya Kimeu huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana. Mwaka 2006, matengenezo yakiendelea, baadhi ya viongozi wa makanisa walipinga mpango wa kuionyesha kuwa ushahidi wa mabadiliko ya binadamu. Makumbusho hayakuificha; milango ilipofunguliwa, umma uliiona. Twaona hapa kwamba watu hawabishani juu ya jambo lisilowahusu. Ubishi ule ulikuwa dalili kwamba wananchi wameanza kuyahesabu makumbusho kuwa ni yao.

Wapo wanaosema kwamba jina jipya, duka, mkahawa na kumbi za kukodishwa ni mbinu za biashara za kuvuta wageni. Hatuwezi kukana kwamba fedha zinahitajika, maana mifupa, vitambaa na ndege waliokaushwa huharibika kwa joto, unyevu na wadudu, na kuvitunza ni gharama. Mgeni anayelipa anasaidia kuhifadhi mali ya mwenyeji. Hatari ipo pale mwenyeji anapohesabiwa kuwa mgeni wa pili nyumbani kwake, na hazina yake ikapangwa kwa kufuata macho ya mpita njia. Mgeni akikitazama kibuyu huona umbo zuri. Mwenyeji hukumbuka mkono wa bibi yake, jina la mti wa mkaa uliokifukiza, na harufu ya maziwa yaliyolala humo. Makumbusho yanayomridhisha wa kwanza na kumsahau wa pili yamepoteza maana ya jina lake, hata kama lango limepakwa rangi mpya.

Kwa hiyo kazi iliyobaki haiwezi kufanywa na mafundi wala na watangazaji. Ni kazi ya walimu na wanafunzi. Ziara isiwe matembezi ya kufunga muhula; iwe somo lenye maswali yaliyoandaliwa darasani kabla ya safari, na majibu yanayochunguzwa baada ya kurudi. Mwanafunzi aulize: kitu hiki kilitoka kwa nani, kilitumiwa vipi, na nani nyumbani kwetu angeweza kunieleza zaidi ya maandishi haya? Akiisha kumwuliza mzee wake na kuyaandika aliyoyasikia, atakuwa ametoka katika safu ya wanaokumbushwa na kuingia katika safu ya wanaokumbusha.