Mke wa Keya hakupanda meli

Wakazi wa Dar es Salaam huipita kila siku Sanamu ya Askari pale katikati ya jiji, iliyosimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Yule bwana yuko peke yake na bunduki yake. Hana mke, hana mtoto, hana hata chungu cha ugali. Ukimtazama yeye tu utadhani ndivyo askari wa Kiafrika walivyokwenda vitani siku zote.

Sivyo. Katika vita ile askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani walitembea na wake zao na watoto wao. Hata ng'ambo ilikuwa hivyo: mwaka 1899 kikosi kutoka Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, kilipopelekwa kisiwani Mauritius, wake na watoto nao walipanda meli. Mwaka 1902 kikosi hicho kiliingia katika King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya.

Mambo yaligeuka katika Vita Kuu ya Pili. Tanganyika ilitoa askari wapatao 87,000, na nchi ya Waha, yaani Kasulu na Kibondo, haikuachwa nyuma. Safari sasa zilikuwa za Abisinia, Madagaska mwaka 1942, kisha Ceylon na Burma mwaka 1944. Mke hakuhesabiwa tena katika safari.

Waha walikwisha kuzoea kuondokewa na wanaume. Walikwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge, lakini manamba alikuwa na kandarasi, na kandarasi ina mwisho. Vita haikuwa na tarehe ya kurudi. Tena, familia nyingi za huko zilikuwa zimehamishwa katika miaka ya 1930 kwa sababu ya malale na kukusanywa katika makazi mapya. Baadhi ya wanawake, basi, walibaki wapweke mahali ambapo hata wao walikuwa wageni.

Hivyo basi, matayarisho ya safari hayakuwa ya kufunga mizigo. Yalikuwa ya jina. Askari aliweza kukatwa sehemu ya mshahara ikalipwa nyumbani kupitia boma la wilaya, lakini karani alitaka kujua: alipwe nani? Likiandikwa jina la mke, baba mzazi aliyemlea kijana aweza kununa. Likiandikwa la baba, mke angekula kwa hisani ya mkwe wake. Na kama mahari haijamalizika, je, huyo ni mke wa kuandikwa? Mstari mmoja wa wino uliamua nani atanunua chumvi na nguo kwa miaka yote ya vita. Nadhani shauri hilo lilikuwa zito kuliko kwaheri yenyewe.

Kisha zikaja barua, kwa Kiswahili, zimekwisha kupitiwa na wakaguzi wa jeshi, zikisomwa kwa mama asemaye Kiha.

Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga, nayo ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu karibu 1,300, wakiwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Fedha zilipita bomani, na habari za msiba pia. Mwanamke aliyeitwa huko siku isiyo ya malipo alikuwa na njia nzima ya kufikiri ameitiwa nini.