Nani Abebe Mzigo wa Kuthibitisha?

Tunaposikia habari ya ile dawa ya kuua majani iliyomwagwa Vietnam, wengi wetu tunadhani ni mambo ya mbali, ya Wamarekani na sinema zao. Lakini historia yake ilipita karibu na kwetu kuliko tunavyofikiri. Mwaka 1952, miaka kumi kabla ya ndege za Marekani kuanza kunyunyizia misitu ya Vietnam, wataalamu wa Uingereza walijaribu dawa za aina hiyohiyo kutoka angani huko Kikore, Tanganyika. Kenya nako zilinyunyizwa mwaka ule na uliofuata, kuona kama kuua vichaka kungemaliza mbung'o. Majina ya dawa zenyewe ni kama hesabu za shule: 2,4-D na 2,4,5-T. Kazi yake ni kuudanganya mmea. Dawa inaiga homoni ya kukua, mmea unakua ovyo bila mpango mpaka unajiua wenyewe. Majani yanapukutika, msitu unabaki vijiti.

Mwaka huohuo Waingereza walikuwa vitani Malaya, wakipigana na wapiganaji wa kikomunisti waliojificha msituni. Kati ya Juni na Oktoba 1952 walinyunyiza dawa kwenye zaidi ya ekari 1,000 kando ya barabara, mahali ambapo adui angeweza kuvizia. Na ni nani waliokuwa wanatembea katika misitu ile ya Malaya? Walikuwemo Waingereza, walikuwemo Wagurkha, na walikuwemo vijana wa huku kwetu pia: vikosi vya King's African Rifles, yaani KAR, kutoka Kenya na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi.

Mwaka 1961 Rais Kennedy alipokuwa anafikiria kutumia dawa hizo Vietnam, waziri wake wa mambo ya nje, Dean Rusk, alimwandikia kwamba jambo hilo halivunji sheria ya kimataifa, maana Waingereza walishalifanya Malaya. Ndivyo yanavyokwenda mambo ya vita: linalofanyika kidogo mahali pamoja linakuwa ruhusa ya kufanya kubwa mahali pengine. Kuanzia 1962 hadi 1971 Marekani ilimwaga zaidi ya lita milioni 70 za dawa juu ya Vietnam. Iliyojulikana zaidi ni Agent Orange, nusu 2,4-D na nusu 2,4,5-T. Iliitwa hivyo kwa sababu ya mstari wa rangi ya machungwa kwenye mapipa yake. Ndani yake mlikuwa na sumu ambayo haikuwekwa kwa makusudi, dioksini, inayojitengeneza wakati wa kupika 2,4,5-T kiwandani. Majani yalikauka mbele ya macho ya watu, lakini dioksini ilikaa kimya kwenye udongo, kwenye samaki na kwenye mafuta ya mwili.

Sasa tuje kwa askari. Walirudi nyumbani wakiwa wazima, wakaoa, wakatafuta kazi. Miaka kumi baadaye mmoja ana saratani, mwingine ngozi imejaa vipele vikubwa visivyopona, mwingine amepata mtoto mwenye ulemavu. Kila mmoja alikwenda kwenye ofisi za wastaafu wa jeshi peke yake, na kila mmoja aliambiwa neno lilelile: thibitisha.

Kuthibitisha maana yake ilikuwa vitu vitatu. Kwanza, kwamba unaumwa. Pili, kwamba kuna jambo lililokupata ukiwa jeshini. Tatu, kwamba lile la pili ndilo lililoleta la kwanza. La kwanza ni rahisi, daktari anaandika. La pili ni gumu: ni askari gani aliyeandika tarehe ambayo ndege ilipita juu yake na ukungu ukamshukia? La tatu haliwezekani kabisa kwa mtu mmoja, kwa sababu saratani haina muhuri wa kiwanda. Haisemi ilitoka kwenye pipa gani.

Aliyeona kwamba kesi hizo zinafanana hakuwa daktari wala jenerali. Alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya wastaafu wa jeshi huko Chicago, mama mmoja Mmarekani mweusi aitwaye Maude deVictor. Mwaka 1977 mke wa askari mmoja alimweleza kwamba mume wake anaamini dawa za Vietnam ndizo zinazomuua. DeVictor hakulitupa neno lile. Alianza kuuliza kila askari aliyekuja mezani kwake: ulikuwa wapi, mwaka gani, uliona dawa ikimwagwa, unaumwa nini? Akaandika. Mwaka uliofuata televisheni ya Chicago ilionyesha filamu kuhusu jambo hilo, na wagonjwa waliodhani wako peke yao wakajua kwamba ni wengi.

Walikwenda mahakamani, lakini si dhidi ya serikali, maana sheria ya kwao haimruhusu askari kuishtaki serikali kwa majeraha ya utumishi. Walishtaki viwanda vilivyotengeneza dawa. Mei 1984 viwanda vilikubali kutoa dola milioni 180 bila kukiri kosa. Pesa inaonekana nyingi, lakini wagonjwa nao walikuwa wengi. Askari asiyeweza tena kufanya kazi yoyote aliambulia takriban dola 12,000, na hizo zilipwe kidogokidogo kwa miaka kumi.

Katika habari hii yote, mtu ninayemfikiria sana ni Admirali Elmo Zumwalt. Yeye ndiye aliyeamuru dawa zimwagwe kwenye kingo za mito ya Vietnam, ili mabaharia wake wasiviziwe. Mwanawe, aliyeitwa Elmo kama yeye, alikuwa ofisa kwenye boti za mito hiyohiyo. Mwana akapata saratani, akafa mwaka 1988. Baba alisema wazi kwamba anaamini dawa aliyoiamuru ndiyo iliyomuua mwanawe, na kwamba bado anaona iliokoa maisha ya wengi wakati ule. Halafu akatumia nguvu zake kudai haki za askari wengine waliougua. Mtu wa cheo kile aliposema, waliokuwa wamefunga masikio waliyafungua.

Ndipo ikaja sheria ya Februari 1991. Uzito wake unatuhusu hata sisi. Sheria ile haikusema kwamba sayansi imemaliza kazi yake. Ilisema kitu kingine: kama ulikanyaga ardhi ya Vietnam kati ya 9 Januari 1962 na 7 Mei 1975, na unaumwa ugonjwa ulioko kwenye orodha, basi serikali itachukulia kwamba ni dawa. Wewe huna haja tena ya kuthibitisha ndege, pipa wala siku. Anayetaka kupinga ndiye atafute ushahidi. Wanasheria wanaiita dhana ya kisheria. Mimi naiita kutua mzigo: ulikuwa kichwani kwa mgonjwa, sasa umewekwa mezani kwa mwenye ofisi, mwenye kumbukumbu na mwenye pesa.

Dada yangu aliyehamishiwa Marekani anafanya kazi ya kutunza wazee. Alinitumia ujumbe wa sauti kuhusu babu mmoja anayemhudumia, mwenye kisukari, anayelipwa kila mwezi kwa sababu alipigana Vietnam. Dada alishangaa: "Hawakumuuliza hata alikula nini!" Ni kweli, hawakumuuliza, kwa sababu kisukari cha ukubwani kiliingia kwenye orodha miaka kumi baada ya sheria. Saratani ya tezi dume ilikuwa imeshatangulia. Ugonjwa wa Parkinson na ule wa mishipa ya moyo iliingia mwaka 2010. Mabaharia waliokaa melini bila kukanyaga nchi kavu waliachwa nje mpaka 2019. Presha iliongezwa mwaka 2022, pamoja na askari waliokuwa Thailand, Laos na Kambodia. Hesabuni wenyewe: kijana wa miaka 20 mwaka 1968 alikuwa na miaka 74 presha ilipokubaliwa. Wangapi walikuwa wameshazikwa?

Na sheria ile ina ukuta wake. Ni ya wanajeshi wa Marekani. Mwanakijiji wa Vietnam aliyekunywa maji ya mto ule hayumo. Wavietnam walipovishtaki viwanda vilevile huko New York, kesi ilitupwa mwaka 2005. Na askari wa KAR aliyepita kando ya barabara za Malaya naye hayumo ndani ya sheria ile.

Hapa ndipo historia yetu inapoanza kuuma. Afrika yetu imetoa askari na wapagazi kwa kila jeshi lililopita. Mji huu wa Kigali, uliojengwa na Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907, ulitekwa Mei 1916 na askari wa Force Publique kutoka Kongo, waliokwenda kwa miguu mpaka Tabora wakaiteka Septemba. Nyuma yao walitembea wapagazi, vichwa kwa vichwa, wengi wao wakifa kwa kuhara na uchovu kuliko kwa risasi. Upande wa Waingereza, mishahara ya wapagazi waliokufa bila jamaa zao kupatikana haikulipwa. Oscar Watkins, aliyeongoza kikosi cha wapagazi hao, alidai pesa zile zirudi kwa watu wao. Alikataliwa. Waliobaki nacho ni jina la soko, Kariakoo.

Kuna kisa kingine kinachosimuliwa kuhusu Mwanza. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wazee waliompigania Mjerumani katika vita vya kwanza. Wazee kama 350 walifika. Wachache tu walikuwa na vile vyeti walivyopewa mwaka 1918, wengine walileta vipande vya sare kuukuu, wengine mikono mitupu. Basi aliyeleta pesa akamkabidhi kila mmoja ufagio na kumpa amri za gwaride kwa Kijerumani: bega silaha, shusha silaha. Inasemekana hakuna hata mmoja aliyekosea. Watu wanacheka wakikisikia. Mimi naona ndani yake kitu cha kuheshimu: mwili wenyewe ulikubaliwa kuwa karatasi. Lakini hesabuni na hapo, miaka 46 ya kungoja.

Kenya wazee walioteswa wakati wa Mau Mau walingoja zaidi. Mwaka 2011 ilijulikana kwamba Uingereza ilikuwa imeficha mafaili ya makoloni mahali panapoitwa Hanslope Park. Wazee walisema kwa miaka mingi, hawakusikilizwa. Mafaili yalipofunguliwa, ghafla maneno yao yakawa kweli. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Wengine zaidi ya 40,000 walifungua kesi yao, ikaanguka mwaka 2018, kwa sababu muda ulikuwa umepita mno. Yaani aliyeficha karatasi akasaidiwa na muda uleule ambao karatasi zilikuwa zimefichwa.

Ndugu zangu, sisi wakimbizi tunaijua habari hii hata kama hatujawahi kuvaa sare. Na tunajua pia ile dawa yake. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 ulipanua maana ya mkimbizi, ukamtambua hata anayekimbia vita na machafuko yaliyovuruga nchi yake. Ndiyo maana Warundi walioingia Rwanda mwaka 2015 walipokelewa kwa wingi wao: umetoka pale, wakati ule, basi wewe ni mkimbizi. Hakuna aliyeambiwa aonyeshe risasi iliyomkosa. Ni kanuni ileile ya 1991, na Afrika ilikuwa nayo miaka zaidi ya 20 kabla ya Marekani kuwapa askari wake. Kwa hiyo tusikubali kuambiwa kwamba haiwezekani kuamini watu kwa wingi wao. Imewezekana. Kinachohitajika ni mahali, muda na orodha.

Lakini orodha haijiandiki. Katika jumuiya yetu hapa Kigali kuna mzee mmoja aliyekuwa askari nyumbani. Anakohoa, mkono wa kushoto haufanyi kazi vizuri. Nilimuuliza kama ana kitu chochote cha kuonyesha. Akaniambia: "Mtoto wangu, mwili ndio huu hapa. Karatasi zilibakia kule." Nikamwambia, "Basi papa, tuanze na mwili." Tumekaa Jumapili tatu, naandika: kambi gani, mwaka gani, kamanda nani, maji mlikunywa wapi, nani mwingine bado yuko hai wa kushuhudia. Sijui kama itamletea hata faranga moja, na nimemwambia hivyo. Yeye anasema anataka tu wajukuu wasije wakaambiwa kwamba babu yao alidanganya.

Kazi hii haihitaji shahada. Daftari la mistari linatosha, kama lilivyomtosha mama yule wa Chicago. Muulize mzee aliye karibu nawe mambo manne: alikuwa wapi, lini, na nani, na alianza kuumwa nini. Andika tarehe ya siku mliyozungumza. Msomee alichosema, arekebishe, kisha aweke sahihi au kidole. Piga picha ya ukurasa, itume kwa mtu anayeishi nchi nyingine, maana sisi tunajua nyumba zinavyoungua. Sheria zinachelewa, na zikifika zinauliza mwaka na mahali.