Hazina ya Daftari: Habari za Chumba Kisichoingiliwa na Moto



Katika sikukuu kama hii ya kutimiza miaka 10 ya ushirika wetu hapa Kibamba, ni desturi kuhesabu magunia, mizani na faida. Sisi twapenda kuandika habari ya kitu kisichopimwa kwa mizani, nacho ni daftari. Mkulima afikishapo mazao yake ghalani, mzigo humtoka mkononi. Kinachobaki kwake ni stakabadhi, na kinachobaki chamani ni mstari mmoja katika leja. Hisa zake, akiba yake, mkopo wake na haki ya mrithi wake, yote yamo katika mstari ule. Mstari huo ukiungua, mwenye haki hugeuka mwombaji. Na kwa kuwa shauri la kujenga chumba cha kuhifadhia kumbukumbu litafikishwa mbele ya Mkutano Mkuu, yafaa kila mmoja ajue watu wa zamani walipatwa na nini, na walijifunza nini.

Ushirika katika nchi yetu ulikua pamoja na kalamu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925. Sheria ya vyama vya ushirika ikatungwa mwaka 1932. Na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha KNCU. Tangu hapo Mrajis na wakaguzi wameuliza kwanza vitabu kabla ya fedha. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vya ushirika, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Katika mageuzi kama hayo viongozi huondoka, majengo hubadili wenyewe, hata majina ya vyama hufutwa. Daftari iliyohifadhiwa ndiyo pekee iwezayo kusema nani alikuwa nani na alidai nini.

Hata wakoloni walilijua jambo hili. Katika vita ya mwaka 1916 Wajerumani, walipokuwa wakiukimbia mji wa Tabora, walizika majalada yao ardhini ili adui asiyapate. Baadaye yalifukuliwa, na majalada ya zama za Wajerumani yamo leo katika Nyaraka za Taifa hapa Dar es Salaam. Ardhi huweza kumficha mtu adui yake, lakini mwenye kuzika karatasi hukaribisha mchwa na unyevu.

Kwa upande wa moto, wazee wa pwani walijenga nyumba za mawe na chokaa, zenye kuta nene, kama mabaki ya Kaole na Kilwa yanavyoonyesha. Ukuta wa namna hiyo hauungui. Lakini dari zao zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ni mti. Hapo twapata fundisho la kwanza: chumba hakiwi imara kwa ukuta peke yake. Uimara wake ni ule wa sehemu yake iliyo dhaifu kuliko zote, nayo huwa ni dari, mlango, au tundu la waya.

Fundisho la pili latoka Marekani. Mwezi Oktoba 1871 moto mkubwa uliuteketeza mji wa Chicago, na kumbukumbu za ardhi zilizowekwa katika jengo la mahakama ziliungua zote. Wenye viwanja wakabaki bila ushahidi wa serikali. Kilichowaokoa ni kwamba makampuni ya watu binafsi yalikuwa na muhtasari wa hati zile, na waliwahi kuutoa motoni. Mwaka 1872 ikatungwa sheria ya kuruhusu muhtasari huo kutumika kama ushahidi. Twalitaja hili kwa makusudi, maana hapa kwetu, mji unaposogea kila mwaka kwa njia ya Barabara ya Morogoro, karatasi ya kiwanja imekuwa na thamani kuliko mazao ya misimu mingi.

Nchini humo humo, tarehe 12 Julai 1973, jengo la kumbukumbu za askari mjini St. Louis lilishika moto katika ghorofa ya juu. Majalada kati ya milioni 16 na 18 yalipotea. Ghorofa ile haikuwa na kuta za kuuzuia moto usienee, wala mabomba ya kunyunyiza maji. Na nakala za majalada hazikuwapo mahali pengine. Kwetu pia moto si mgeni. Makao makuu ya Benki Kuu ya Tanzania yaliungua mwaka 1984, na Soko Kuu la Kariakoo liliungua mwezi Julai 2021.

Lakini mwaka huo huo wa 2021, mwezi Aprili, moto wa mlimani ulishuka hadi Chuo Kikuu cha Cape Town na kuteketeza ukumbi wa kusomea wa Maktaba ya Jagger. Vyombo vya kutambua moto viliifunga milango ya chuma, na sehemu kubwa ya hazina iliyokuwa chini ikasalimika na moto. Hata hivyo maji ya kuzimia yaliingia chini na kulowesha mengi. Basi mwenye kujenga yampasa kuwafikiria maadui wawili: moto, na maji yaujiayo moto.

Sasa tuje kwenye chumba chenyewe. Katika jaribio la kawaida la wahandisi, joto la tanuri hufika nyuzi 945 baada ya saa 1. Chuma kisichokingwa hupoteza karibu nusu ya nguvu zake kwenye nyuzi 550 hivi, ndiyo maana paa la chuma huanguka na kubomoa kilicho chini yake. Kwa hiyo kuta, sakafu na dari zote huwa za zege lenye nondo, na chumba husimama juu ya msingi wake chenyewe, ili jengo likianguka lisikivute. Zege la unene wa sentimita 15 huhesabiwa kuzuia moto kwa muda wa saa 3 hivi. Madirisha hayatakiwi. Mlango huwa wa kazi hiyo maalumu, wenye kipimo cha saa kilichothibitishwa, na hufunguka kwa ndani ili karani asifungiwe humo.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Ukuta huhesabiwa kuwa umefaulu jaribio hata kama upande wake wa ndani umeongezeka joto kwa wastani wa nyuzi 140. Chumba chetu kikianza na nyuzi 30, ukuta utafika 170. Karatasi huharibika karibu na nyuzi 177, hivyo itanusurika kwa shida, na rafu zisiugusane na ukuta. Lakini siku hizi mali yetu haimo katika karatasi tu. Kanda za sumaku huwekewa mpaka wa nyuzi 66, na diski za kompyuta nyuzi 52, tena bila mvuke mwingi. Na zege likipata moto hutoa mvuke. Chumba kiwezacho kuiokoa leja chaweza kuiua diski iliyo kando yake. Dawa yake ni kuweka ndani ya chumba kabati maalumu la diski, yaani sanduku ndani ya sanduku.

Kibamba nayo ina masharti yake. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na chumba kisicho na dirisha huota ukungu upesi. Yahitajika mashine ya kupunguza unyevu, na tundu la hewa lenye kifuniko kijifungacho chenyewe joto linapopanda. Sakafu iinuliwe juu ya maji ya masika, na udongo utiwe dawa ya mchwa kabla ya zege kumwagwa. Ndani pasiwe na jiko, soketi ovyo, wala makopo ya rangi, maana mioto mingi huanzia ndani.

Mwisho, chumba chochote kina saa zake, na saa zikipita moto hushinda. Kwa hiyo nakala ya kumbukumbu iwe mbali, katika jengo lisiloweza kupatwa na moto ule ule, nayo ijaribiwe kufunguliwa mara kwa mara.

Gharama si ndogo, na kila shilingi itakayotumika yaweza kupunguza gawio la msimu. Twawasihi wanachama waje mkutanoni wakiwa na maswali haya: mlango una kipimo cha saa ngapi, na nani amethibitisha? Waya zitapitia wapi? Diski zitakaa wapi? Nakala ya pili iko wapi, na ni nani aliyeifungua mara ya mwisho? Bodi ikiwa na majibu, tupige kura. Isipokuwa nayo, tuirudishie ramani.